Vumbi Kwenye Safu za Magharibi

Kijana waliyemwita Jioni alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, mikono katikati ya magoti, kama mtu anayengoja zamu yake ya kunyolewa. Kesho yake saa tatu asubuhi angesimamishwa mahakamani kwa kosa la kusababisha kifo. Mpaka saa hizo hakuwa na wa kumsemea ila mkewe, aliyekuwa nje ya geti la kituo tangu alfajiri na chupa ya chai iliyokwisha kupoa.

Inspekta alivuta kiti, akaning'iniza miwani yake ya kamba puani. Alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, mwenye sauti ya chini, na desturi yake ilikuwa kuuliza jambo moja mara tatu kwa njia tatu.

Jina halisi la kijana huyu lilikuwa kwenye faili. Lakini pale kwenye mtambo wa umeme wa jua hakuna aliyemwita kwa jina hilo. Miaka sita aliingia kazini saa kumi na mbili jioni, wakamwita Jioni. Na yule aliyemkabidhi zamu kila siku, mtu mzima aliyeanza asubuhi, walimwita Mchana.

"Tuanze upya," alisema Inspekta. "Jumanne. Umeingia saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasorobo, Afande. Nimemkuta mzee wangu Mchana mlangoni, anafunga kamba za viatu. Akaniambia, betri zimeshiba, mwanangu, fanya kazi yako kwa raha."

"Daftari lilisemaje?"

"Asilimia tisini na moja. Nikatia sahihi chini yake."

"Ukaenda kuangalia betri zenyewe?"

"Sikwenda."

"Kwa nini?"

"Zile betri zina nyumba yao, Afande, hatua mia mbili kutoka chumba chetu. Zamani kulikuwa na kioo kinachotuonyesha kila kitu palepale mezani, kikafa, tukaambiwa kingine kinakuja. Tangu hapo anayetoka zamu ndiye anayekwenda kusoma, anaandika, anayeingia anatia sahihi. Sasa mimi nikienda kusoma nyuma yake, si ni kama kumwambia mbele za watu kwamba ni mwongo? Mtu aliyenifundisha kazi, aliyenishika mkono kunionyesha swichi? Kwetu mtu hafanyi hivyo."

"Halafu shemeji yako akapiga simu."

"Saa kumi na mbili na nusu. Ana kiwanda cha barafu. Utaratibu uko wazi, ameuandika Mchana mwenyewe na umebandikwa ukutani. Mashine za barafu zinafanya kazi adhuhuri, wakati jua ni la kumwaga. Ikifika jioni zinazimwa ili watu wapate taa na kupika. Lakini kama betri zimezidi themanini na tano saa kumi na mbili, anaruhusiwa kuwasha. Nikatazama daftari, tisini na moja. Nikamwambia, shemeji, washa."

"Na saa moja na dakika kumi?"

"Mji mzima ukazimika." Alikuna goti. "Pamoja na hospitali."

Jenereta ya hospitali ilichukua dakika kumi na nane kuwaka. Katika dakika hizo kumi na nane, mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akipumua kwa mashine ya hewa alikata roho mikononi mwa nesi aliyekuwa akimpepea kwa jalada la faili. Mwanamke huyo alikuwa mama mzazi wa Mchana.

Ndiyo maana kesi ilikwenda mbio. Mchana alifika kituoni usiku uleule, shati limefungwa vifungo upande, akasema maneno ambayo Sajenti aliyaandika neno kwa neno: "Amewasha barafu ya shemeji yake, akamzimia mama yangu pumzi. Kila siku mama alikuwa anawaambia manesi, pumzi hii ninayovuta ananiletea mwanangu kutoka kule juani. Nataka huyo mtu afungwe mpaka asahau jua linatokea wapi."

Nani angembishia mtu wa namna hiyo?

*

Ofisi ya Inspekta ilikuwa na meza mbili, feni moja, na kabati lisilofungwa. Sajenti, mwenye kitambi na maneno mengi, alikuwa anamenya karanga juu ya gazeti la juzi.

"Afande, mimi naona unajichosha," alisema. "Shemeji kaomba, shemeji kapewa. Mbona iko wazi kama uwanja wa mpira?"

"Iko wazi mno. Nipe lile daftari."

"Tumelisoma."

"Tumesoma ukurasa wa Jumanne. Nipe lote."

Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, lenye mistari iliyopigwa kwa rula. Kila ukurasa siku moja. Kushoto saa, kisha umeme wa safu zinazotazama mashariki, kisha umeme wa safu zinazotazama magharibi, kisha asilimia ya betri, mwisho sahihi. Inspekta aliweka kidole kwenye mistari mitatu ya mwisho ya Jumanne. Saa kumi, safu za magharibi, kilowati mia tatu tisini na nane. Saa kumi na moja, mia mbili sabini na nne. Saa kumi na mbili, arobaini na moja. Betri tisini na tano, tisini na nne, tisini na moja.

Akafungua nyuma, Jumatatu.

Mia tatu tisini na nane. Mia mbili sabini na nne. Arobaini na moja.

Akafungua Jumapili. Vilevile. Akalamba kidole, akafungua Jumamosi.

"Sajenti, jua lina rula?"

"Afande?"

"Njoo hapa. Acha karanga."

Sajenti alikuja, akipangusa mikono kwenye suruali. Alisoma, akarudi nyuma ukurasa, akasoma tena, na taya lake likaacha kutafuna.

"Labda hali ya hewa ilikuwa ileile," alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Alhamisi iliyopita ulikuwa wapi saa kumi alasiri?"

"Alhamisi? Alhamisi si ndiyo ile mvua? Tulikuwa tunachota maji humu ndani kwa ndoo. Ulivua viatu ukavitundika pale dirishani."

Inspekta alimgeuzia daftari. Alhamisi, saa kumi alasiri, wakati kituo kizima cha polisi kilikuwa kinaogelea na taa zimewashwa mchana, safu za magharibi zilikuwa zimeandikiwa mia tatu tisini na nane.

Sajenti alikaa chini taratibu, kwenye kiti ambacho si chake.

"Na usiku ule umeme ulikatika mapema," alisema. "Tukasema ni mvua."

Inspekta aliendelea kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka, mpaka namba zikaanza kuyumba kama namba za kweli. Mia nne na tatu. Mia tatu sitini na tisa. Mia tatu themanini. Ukurasa wa mwisho wenye namba zinazoyumba ulikuwa wa tarehe tatu. Kuanzia tarehe nne, mistari mitatu ya mwisho ilikuwa mapacha.

"Kuna mtu alikuwa anaandika saa kumi, kumi na moja na kumi na mbili kwa mkupuo mmoja," alisema. "Tazama wino. Saa tisa kalamu inakwaruza, saa kumi ni laini, na inabaki laini hivyohivyo mpaka mwisho. Kalamu haikuwekwa chini."

"Mchana?" Sajenti aliuliza kwa kunong'ona, kana kwamba ndugu zake walikuwa nyuma ya ukuta. "Lakini yule ndiye aliyefiwa."

"Nipe cheti cha hospitali."

Sajenti alilipekua faili mara mbili kabla ya kukiona. Kilikuwa kadi ya rangi ya maziwa, kona moja imelowa. Mgonjwa, mwanamke, miaka sabini na minane. Amelazwa tarehe tatu, saa mbili usiku. Chini kabisa, kwa muhuri wa zambarau: Kuona wagonjwa, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu.

Inspekta aliiweka kadi kando ya daftari, tarehe tatu ikitazamana na tarehe nne. Akavua miwani. Feni iligeuka upande wao, ikageuka upande wa pili, ikarudi.

"Mama yangu," alisema Sajenti hatimaye, na hakuwa anamwita mtu.

*

Mtambo ulikuwa nje kidogo ya mji, nyuma ya uzio wa waya. Safu za mabamba ya jua zilikuwa zimegawanywa mbili kama nywele zilizochanwa njia. Nusu zilitazama mashariki, nusu magharibi. Mtu aliyeleta wazo la kuzigeuza hizo nusu alikuwa Mchana mwenyewe, miaka minne iliyopita. Kabla ya hapo mabamba yote yalikuwa yanatazama juu, umeme unafurika adhuhuri hauna mlaji, na jioni, saa ya kilele, kila nyumba inapowasha kwa pamoja, wanahangaika. Akasema, tuyageuze haya yavue jua la alasiri, yabebe mji mpaka jua lizame, betri zisiguswe sana kabla ya saa moja. Walimcheka, kisha wakamfuata.

Aliyewapokea getini alikuwa mwanamke mrefu mwenye buti za mpira, mpira wa maji begani. Kazi yake ilikuwa kuosha mabamba, na kila mtu alimwita Mama Deki.

"Jumanne?" alisema. "Jumanne nimeosha asubuhi, yanang'aa ungeweza kujitazama meno. Jumatano nimekuja, nikadhani nimekosea njia."

"Kwa nini?"

"Mekundu, mama. Safu zote za magharibi, mekundu tupu. Njoo nikuonyeshe."

Aliwapeleka mpaka mwisho wa safu. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na barabara ya udongo, imekwanguliwa upya, na kifusi kimelala pembeni kama tuta la viazi.

"Greda," alisema Mama Deki. "Wanasema ilianza Jumanne saa tisa, huku, huku, na upepo unakuja upande wetu. Mimi siku hiyo nilitoka saa nane, sikuliona hilo vumbi linapanda. Nililiona limelala. Nimetumia matangi matatu kulitoa. Bado liko kwenye pembe, shika."

Inspekta alipitisha kidole kwenye fremu ya bamba. Kilirudi chekundu.

"Bamba likiwa hivi linatoa umeme kiasi gani?"

"Mimi wa kudeki, mama, si wa kupima. Lakini wewe ukifunikwa uso kwa blanketi unaona kiasi gani?"

Sajenti alitaka kucheka, akaghairi.

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani? Jumatano Mchana hakuja, amefiwa. Jioni mmemchukua. Nimeosha nikanyamaza. Kwani vumbi ni habari ya polisi?"

Mlinzi wa geti hakuwa na siri ya kulinda. Alipoulizwa Mchana alitoka saa ngapi Jumanne, alijibu kabla swali halijafika mwisho.

"Saa tisa na nusu, kama siku zote tangu mama yake alazwe. Anarudi saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini, anakabidhi. Sikuandika kwenye kitabu, Afande. Mtu anakwenda kumpa mama yake uji kwa kijiko, mimi nimwandike? Ningelala vipi?"

"Na chumba kilikuwa na nani muda huo wote?"

"Chumba kinajiendesha. Jua halihitaji kusukumwa."

"Hakuona vumbi alipotoka?"

"Greda ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, kule mbali. Na aliporudi hakufika huko, kutoka getini safu zile hazionekani. Amepita hapa anakimbia kidogo, ameniambia mama leo amekula vijiko sita." Mlinzi alitazama viatu vyake. "Alifurahi sana siku hiyo."

Inspekta alihesabu hatua mwenyewe kutoka chumba cha mitambo mpaka nyumba ya betri. Mia mbili na kumi na nne. Fundi aliyekuja kurekebisha Jumatano asubuhi alikuwa ameacha kikaratasi chake kimebandikwa mlangoni kwa gundi, na hakuna polisi aliyefikiria kukisoma. Kilisema: Betri zimeanza kutumika tangu saa kumi alasiri. Sababu haijulikani.

"Haya," alisema Inspekta, akikibandua polepole kisichanike. "Saa kumi mabamba yamefunikwa, betri zikaingia kazini saa tatu kabla ya wakati wake. Saa kumi na mbili hazikuwa tisini na moja. Hamsini labda, labda chini ya hapo. Jioni akaongeza barafu juu ya taa na majiko ya mji mzima. Saa moja na kumi zikakauka."

"Na kama angejua ni hamsini?"

"Angemwambia shemeji yake alale. Umeme ungefika asubuhi, na hospitali isingejua lolote."

Sajenti alivua kofia, akaivaa tena. "Afande, naomba hili umwambie wewe. Mimi ndiye niliyemwandikia maelezo. Mimi siwezi."

*

Mchana alikuwa amerudi kazini siku hiyo. Nyumbani, alisema, kila kiti kina mtu wa kumpa pole. Walimkuta amekaa mbele ya kile kioo kilichokufa, shati jeupe, kalamu mfuko wa juu. Ukutani nyuma yake kulikuwa na ule utaratibu aliouandika kwa mkono wake, herufi za mtu aliyefundishwa kuandika vizuri.

Alisimama. "Afande. Kesho mahakamani nisimame wapi? Sijawahi kwenda."

"Kaa, kaka yangu."

"Nitasema yote. Nimemfundisha mimi, nimekula naye sahani moja, akaja kuniulia mama kwa ajili ya barafu. Nitasema hata akilia."

Inspekta alifungua daftari juu ya meza, akaligeuza limtazame.

"Nisomee hapa. Jumanne, saa kumi na mbili."

"Tisini na moja," alisema bila kutazama. "Alikuwa na tisini na moja, akazimaliza kwa saa moja. Ndiyo maana nasema alifungua barafu yote."

"Umeisoma saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Ukatembea mpaka nyumba ya betri?"

"Safu za magharibi zilikuwa zinafanya kazi. Zikifanya kazi betri haziguswi sana. Namba ni hiyohiyo siku zote. Nimeuendesha huu mtambo miaka tisa, naujua kama mfuko wangu."

"Nisomee Alhamisi."

Aliinama. Kidole chake kilikwenda chini ya mstari kama cha mwanafunzi. "Saa kumi. Mia tatu tisini na..."

Nje, matone ya mpira wa Mama Deki yalikuwa yanagonga bati.

"Alhamisi kulinyesha," alisema Inspekta.

"Ndiyo."

"Jumanne kulikuwa na greda barabarani. Kuanzia saa tisa mpaka giza. Safu zako zote za magharibi zilifunikwa na vumbi." Alikiweka kile kikaratasi cha fundi kando ya daftari, kisha ile kadi ya rangi ya maziwa, tarehe tatu ikitazama juu. Alifanya hivyo polepole, kimoja baada ya kingine.

Mchana alisoma kikaratasi. Akasoma kadi. Akarudi kwenye kikaratasi, akakishika kwa vidole viwili, midomo ikicheza bila sauti, *tangu saa kumi alasiri*. Rangi ilimtoka usoni kuanzia paji kushuka chini, kama maji yanavyoshuka kwenye glasi. Alitazama mlango, kule kuliko nyumba ya betri, hatua mia mbili na kumi na nne.

"Saa kumi nilikuwa namlisha uji," alisema.

"Najua."

"Alikula vijiko sita."

"Najua, kaka."

"Akaniambia, rudi kazini, umeme utazimika." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na mtu ndani yake. "Nikamwambia, mama, mimi nimekwisha kuupanga, hauzimiki."

Sajenti aligeukia dirisha. Inspekta alibaki palepale. Alikuwa amehoji watu miaka ishirini na sita, wezi, wauaji, waongo wa kila rangi, na alizoea kuona mtu akikamatwa na jambo alilolificha. Hakuwa amewahi kuona mtu akikamatwa na jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa halijui mpaka dakika ile.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kamili. Mchana aliitazama, na kwa mazoea ya miaka tisa akainuka, akatoka nje. Sajenti alitaka kumfuata, Inspekta akamshika mkono wa shati. Walimwona kupitia dirishani akienda kwa hatua za mtu anayevuka mto, akafungua nyumba ya betri, akakaa ndani, akatoka. Alirudi, akaketi, akavuta daftari jipya la zamu na kuandika: Saa kumi, betri tisini na tatu. Akatia sahihi. Sahihi haikufanana na yake.

"Nipe karatasi ya maelezo," alisema.

Inspekta alimpa. Alidhani ataandika ukurasa mzima. Mchana aliandika tarehe ya Jumanne juu, akaipigia mstari kwa rula, kisha mistari mitatu tu, kwa zile herufi zake nzuri.

Saa kumi: sikusoma.

Saa kumi na moja: sikusoma.

Saa kumi na mbili: sikusoma.

Akaisukuma karatasi mbele, akachomoa funguo za nyumba ya betri kiunoni na kuziweka juu yake.

"Jioni mnamtoa saa ngapi?"

"Nikifika tu kituoni. Mkewe yuko getini."

"Basi atawahi zamu," alisema Mchana. "Mwambieni akifika hatanikuta mlangoni. Na mwambieni akasome mwenyewe."